Trekta dogo na bela ya marobota: kabla hujalipa, pima mteremko wako

Swali: Shikamoo fundi. Mimi na mama tuna ekari 12 za majani ya Rhodes huku Siha, upande wa Kilimanjaro Magharibi. Tunalo trekta dogo la hosipawa 32, linavuta kwa magurudumu yote manne. Mpaka sasa tunafunga marobota kwa sanduku la mbao na vibarua. Nimepata bela ya mtumba, mashine ya kufunga majani kuwa marobota, ile ya marobota ya mraba, kibati chake kinaonyesha uzito wa kilo 1,300. Muuzaji anasema hosipawa 30 zinatosha kabisa. Jirani yetu anasema nitaliua trekta. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu.

Kila mmoja wao ameshika upande mmoja wa ukweli. Trekta lako litaizungusha bela hiyo. Kwenye uwanda, majani yakiwa makavu na mstari wa majani yaliyokatwa ukiwa mwembamba, litafunga marobota toka jua likipanda hadi jioni. Linalonitia wasiwasi ni kuisimamisha. Trekta la ukubwa huo lenyewe lina uzito wa kilo 1,300 hivi likiwa tupu. Unafunga nyuma yake mashine yenye uzito uleule, isiyo na breki, yenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka kwa nguvu, halafu unateremka nayo. Hapo ndipo ununuzi wako utakapofaulu au kukutia hasara, na muuzaji hakuligusia kabisa.

Tuanze na hosipawa, maana ndizo alizokuuzia. Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini. Bela hulishwa na pitio, ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, na nguvu ikifika pale gia na pampu ya haidroliki zimeshachukua sehemu yao. Trekta la hosipawa 32 hubaki na 26 au 27 kwenye pitio. Kisha toa mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua. Kama shamba lenu liko kwenye mita 1,500, umeshapoteza asilimia 15. Mkononi unabaki na hosipawa 22 au 23. Kwenye vitabu vya bela za mraba, kiwango cha chini kinachoandikwa mara nyingi ni 35 za pitio. Kwa hesabu hiyo jirani yako hajakosea.

Mbona basi nasema itazunguka? Kwa sababu bela haili nguvu kwa usawa. Ndani ya chumba cha kushindilia kuna planja, dude zito la chuma linalokwenda mbele na nyuma karibu mara 80 kwa dakika, pitio ikiwa kwenye mizunguko 540. Linaposukuma majani hutaka nguvu nyingi mno kwa muda mfupi, kisha linarudi bure. Flaiwili, lile gurudumu zito la mbele ya bela, huweka akiba ya mwendo wakati planja inarudi na kuitoa wakati inapiga. Ukiipa bela majani kidogokidogo, akiba inatosha na injini haishtuki. Ukiilisha tonge kubwa, akiba inakwisha, mizunguko inashuka, na flaiwili inayozunguka polepole haina akiba tena. Hapo injini inazima au bolti ya usalama inakatika.

Wazee waliifanya kazi hii kwa nguvu ndogo. Massey Ferguson 35 ya dizeli, iliyosifika sana mashambani, ilikuwa na hosipawa 37, na watu walifunga nayo maelfu ya marobota. Tena miaka ya 1950 bela nyingi za Marekani ziliuzwa zikiwa na injini yake yenyewe juu, trekta likibaki na kazi ya kuvuta tu. Matrekta mengi ya wakati ule yalikuwa dhaifu, au pitio yake ilisimama kila dereva alipokanyaga klachi, na watengenezaji walilijua hilo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni la klachi. Ukikanyaga klachi ya trekta lako, pitio inasimama au inaendelea? Kama ni klachi ya hatua mbili, au pitio ina swichi yake pekee, uko salama zaidi. Kama ni hidrostatiki, ile ya pedali isiyo na gia za kubadili, ni bora kuliko zote kwa kazi hii, maana unapunguza mwendo wa magurudumu bila kugusa mizunguko ya pitio. Ukiona fungu la majani limekuja nene, unalegeza mguu, trekta linatambaa, planja inaendelea kupiga 80 zilezile. Kama ni klachi moja ya kawaida, kila ukisimama bela nayo inasimama ikiwa na majani mdomoni, na kuiwasha tena planja ikiwa imeegemea majani ni taabu kubwa kwa trekta dogo.

Klachi moja ina hatari nyingine ambayo vijana wengi hawajaambiwa. Ukiikanyaga, injini inaachana na gia lakini flaiwili ya bela bado imeunganishwa nazo kupitia pitio. Flaiwili haisimami kwa sababu wewe umetaka kusimama. Inageuza mambo, inazungusha gia za trekta kutokea nyuma, na trekta linaendelea kwenda mbele huku mguu wako uko kwenye klachi. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachovalishwa kwenye pitio, klachi ya njia moja, kinachoruhusu bela izunguke peke yake bila kulisukuma trekta. Bela nyingine zinacho tayari kwenye shafti yake. Kama hiyo ya mtumba haina, na trekta lako ni la klachi moja, kitafute kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mteremko. Mwaka mmoja niliitwa kwenye shamba moja la huko chini ya mlima kutazama trekta la karibu ukubwa wa lako. Kijana alikuwa amefunga vizuri toka asubuhi, marobota yamepangika shamba zima. Jioni akaamua kurudi nyumbani kwa njia ya mkato, mteremko mfupi wa majani mabichi, umande umeanza kushuka. Alipohisi mwendo unaongezeka akakanyaga klachi ili abadilishe gia. Matairi ya nyuma yakaanza kuteleza kama yamepakwa sabuni, bela ikamsukuma, kisha ikaanza kumpita ubavuni. Trekta likageuka likatazama lilikotoka. Nilipofika, shafti ya pitio ilikuwa imepinda kama ndizi na chuma cha kuvutia kimechanika kwenye tundu la pini. Kijana alitoka mzima, namshukuru Mungu mpaka leo. Hakuna bolti wala kifaa ambacho kingemwokoa pale. Uzito ulikuwa nyuma na breki zilikuwa ndogo.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji ya fundi mwashi. Nenda sehemu iliyoinama kuliko zote, na usisahau njia ya kutoka shambani hadi bandani. Laza ubao, inua ncha ya chini hadi povu likae katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Pengo likiwa chini ya sentimita 10, fanya kazi. Likiwa kati ya 10 na 20, fanya kazi kwa uangalifu ninaoueleza hapa chini. Likizidi 20, mimi binafsi siwezi kumruhusu mwanangu apite pale na trekta la hosipawa 32 na bela ya kilo 1,300, hata kama majani ni mazuri kiasi gani. Sehemu hiyo kateni, mchunge ng'ombe, au mfunge kwa sanduku.

Unaposhuka, chagua gia ndogo ukiwa bado juu, weka magurudumu yote manne yavute ili na ya mbele yasaidie kuzuia, na mguu usiguse klachi mpaka chini. Weka uzito mbele ya trekta, vile vyuma vya kuning'iniza kwenye bampa, kwa sababu kila planja inapopiga trekta hutikisika mbele na nyuma, na uso mwepesi huyumba. Pembe za kugeukia ziwe pana.

Kuunganisha nako kuna kipimo chake. Kutoka ncha ya pitio hadi katikati ya tundu la pini panatakiwa sentimita 35 hivi, maana ndicho kipimo cha kawaida cha pitio ya 540. Matrekta madogo mara nyingi yana chuma kifupi, na shafti iliyotengenezwa kwa trekta kubwa hujikuta ndefu. Ukikata kona inajikunja mpaka mwisho na kuanza kusukuma beringi za trekta kwa ndani. Fanya jaribio pitio ikiwa imezimwa: mtu mmoja apinde usukani kabisa, trekta lisogezwe polepole kisha lizimwe, wewe utazame kama mabomba mawili ya shafti bado yana nafasi ya kuingiana. Kwenye kona kali yasigusane mwisho, na kwenye mstari ulionyooka yasikaribie kuachana. Kifuniko cha plastiki cha shafti kama kimevunjika, nunua kingine. Shafti inazunguka mara 9 kwa sekunde, na khanga au mkono wa shati ukishikwa hakuna wa kuwahi kuzima injini.

Ukishavuka hayo, ufundi uliobaki uko kwenye mstari wa majani, na hapa trekta dogo linaweza kufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua hesabu rahisi. Tuseme ekari yenu inatoa tani 2 za majani makavu. Hiyo ni nusu kilo kwa kila mita ya mraba. Ukikata kwa moa, mashine ya kukata majani, ya upana wa mita 1.5 na kuacha kila mkato uwe mstari wake, kila mita ya mstari ina robo tatu ya kilo. Ukikusanya mikato miwili kwa reki ikawa mstari mmoja, ina kilo moja na nusu. Robota la kilo 15 linapaswa kutengenezwa na mapigo ya planja 15 hadi 20. Kwa trekta lako napendelea 20, yaani sekunde 15 kwa robota, kilo moja kwa sekunde. Kwenye mstari wa mkato mmoja hiyo ni kilomita karibu 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kwenye mstari wa mikato miwili ni kilomita 2.4 tu, na wengi hawana gia ya chini hivyo isipokuwa wapunguze mafuta, na wakipunguza mafuta wanashusha mizunguko ya pitio. Kwa hiyo usikusanye. Wenye matrekta makubwa huunganisha mistari ili waokoe muda. Wewe uache mwembamba, na uwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu donge moja lililoachwa na reki ndilo litakalokata bolti.

Hesabu vipande vya robota la kwanza. Kata kamba, likunjue kama mkate uliokatwa. Ukikuta vipande 10 vinene, unakimbia sana au mstari ni mnene. Ukikuta 30 vyembamba kama chapati, unaenda polepole mno na robota halitashika umbo. Kwa mapumziko na kugeuka, utapata marobota kama 100 kwa saa. Ekari 12 ni marobota 1,600, yaani siku tatu za kazi ukianza saa tano asubuhi umande ukishakauka. Usikaze bana za nyuma ya bela ili robota liwe zito la kilo 20 na kitu. Msuguano huo unalipwa na injini yako, na akina mama wanaobeba majani kwenda kwenye mabanda ya ng'ombe juu mlimani watakushukuru kwa robota la kilo 14.

Washa pitio injini ikiwa inanguruma chini kabisa, kisha ongeza mafuta taratibu mpaka 540. Ukiiwasha injini ikiwa juu, flaiwili iliyosimama inalazimishwa kuruka ghafla na bolti inakatika hata kabla hujaokota jani. Ukitaka kusimama, inua meno ya kuokotea au toka nje ya mstari kwanza, acha planja ipige mara kumi hivi isafishe mdomo, ndipo uzime.

Kuhusu bolti hiyo nakuomba sana. Ipo ili ife yenyewe mashine ipone. Ikikatika mara tatu kwa siku, vijana huchoka na kuweka bolti ngumu zaidi, na siku ya nne linalokatika ni jino la gia au sindano ya kupitisha kamba. Nunua kumi za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ziweke kwenye boksi la spana.

Kitu kinachoiba nguvu kimyakimya ni kisu. Ubavuni mwa planja kuna kisu, na ukutani mwa chumba kuna kingine kilichosimama. Kila pigo vinakata majani yaliyoning'inia mlangoni, kama mkasi. Vikiwa butu, au pengo kati yake likizidi milimita moja, majani hayakatwi, yanang'olewa, na kazi hiyo inabebwa na injini. Huhitaji kufungua chochote kulijua hili. Tazama robota lililotoka: ubavu mmoja unatakiwa uwe umenyolewa vizuri, sawasawa. Ukiona unaning'iniza ndevu ndefu, kisu kimekufa. Kwa trekta la hosipawa 60 ndevu hizo ni aibu tu. Kwa lako ni tofauti ya kufunga na kutofunga. Kunoa visu na kurekebisha reli za planja ni kazi ya siku moja ya fundi, na ni fedha ya kwanza ningeitumia kwenye bela ya mtumba.

Vipiga fundo vinaogopwa kuliko sehemu zote, bila sababu kubwa. Ni viwili, kila kamba na chake. Msingi wake uliwekwa na John Appleby wa Wisconsin, Marekani, miaka ya 1870, kwa mashine za kufunga miganda ya ngano, na haujabadilika sana toka hapo. Sindano inaleta kamba kutoka chini, diski inaishika, mdomo mdogo unaofanana na wa ndege unazunguka mara moja na kuvingirisha kamba, kisu kinakata, mkono unaivua kamba kwenye mdomo, fundo limekaza. Ukitaka kuelewa, zima injini, toa funguo uitie mfukoni, fungulia kishikizo kinachoamuru fundo, kisha zungusha flaiwili kwa mkono polepole huku mwenzako anatazama. Rudia mpaka utakapoweza kusema kabla kitu hakijatokea nini kinafuata. Saa moja ya kufanya hivyo inakufundisha kuliko maelezo yangu.

Mara nyingi tatizo ni kutu na vumbi. Mdomo uliokaa miezi sita bila kazi unakuwa mkwaruzo, kamba haivuki, fundo linabaki juu linakatika. Usugue kwa msasa laini mpaka ung'ae, upake mafuta, na kila baada ya saa mbili za kazi upulize makapi. Kama kamba moja inafunga na nyingine haifungi, badilishana mabunda ya kamba kwanza, la huku liende kule, kabla hujagusa spana. Tatizo likihama na kamba, umejua ni kamba.

Kwa kamba nenda na katani. Robota la kawaida la sentimita 36 kwa 46 kwa urefu wa 90 linakula mita 5 na kidogo kwa kamba zote mbili, hivyo marobota 1,600 ni kilomita 8 na nusu za kamba. Plastiki ni rahisi na imara, lakini vipande vyake vinabaki horini, ng'ombe anavimeza, vinajikusanya tumboni, na mnyama wa maziwa anakonda bila homa wala kuhara. Ya katani akiimeza kidogo inaoza. Nakiri pia roho yangu iko huko. Katani ililetwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikasalimika safarini, na kutokana na hiyo mkonge wa Tanga ukaja kufunga nyasi na ngano za Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, mpaka plastiki ilipoingia miaka ya 1960 ikaangusha bei. Inaniuma kuona mkulima wa Kilimanjaro anafunga majani yake kwa plastiki. Chagua tu kamba ya katani iliyosokotwa kwa ajili ya bela, yenye unene sawa, kwa sababu ile ya dukani ya kufungia mbuzi ina vinundu vinavyokwama kwenye sindano. Ukibadilisha aina ya kamba, rekebisha na mkazo wa diski.

Majani yenyewe yakatwe yanapoanza kuchanua, siyo mbegu zikishakomaa, maana hapo unafunga mabua. Unyevu uwe chini ya asilimia 18. Chukua chupa kubwa ya kioo iliyokauka, tia majani uliyoyakatakata na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikibaki inatiririka, funga marobota. Ikishikana na kuganda kwenye kioo, subiri. Kwa trekta dogo unyevu una adhabu mbili: robota litapata ukungu au kuwaka joto bandani, na majani mabichi hayatelezi vizuri ndani ya chumba, yanashindiliwa mazito, injini inalia. Robota ulilolifunga leo ukiliingiza mkono baada ya siku tatu ukashindwa kuuvumilia joto, toa yote nje yatawanye. Banda linaungua hivyo, bila kiberiti.

Halafu jambo moja la mkono. Majani yakikwama kwenye meno ya kuokotea, hamu ya kuyavuta ni kubwa mno, na yanavyoingia yanavuta haraka kuliko mtu anavyoweza kuachia. Zima pitio, zima injini, toa funguo, subiri mpaka flaiwili isimame kabisa kwa macho yako. Sheria hiyo iwe hivyohivyo kwa vibarua, na mama awe na ruhusa ya kumfukuza anayeivunja.

Njia mbadala zipo na sizidharau. Sanduku la mbao la urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45 likishindiliwa vizuri hutoa robota la karibu kilo 20, na kwa ekari mbili au tatu halina mpinzani. Kuna pia bela ndogo za marobota ya mviringo, nyepesi, zilizotengenezwa kwa matrekta kama lako. Hazina planja, kwa hiyo hazitikisi. Tatizo ni soko: wanunuzi wa mlimani wamezoea la mraba, linapangika kwenye pikapu na kukaa vizuri kichwani. Na kama shamba limeinama kuliko ulivyotarajia, kodi mwenye trekta zito zaidi, kama Massey Ferguson 240, aje aivute bela yako siku tatu kwa mwaka. Hilo si kushindwa. Bela ni yako, majani ni yako, umekodi breki zake.

Ukiona vipimo vinakubali, nenda kwa muuzaji na trekta lako mwenyewe, usikubali kuonyeshwa kwa la kwake. Mwambie unataka marobota 20 yafungwe mbele yako, kwenye majani halisi. Matano ya kwanza usiyahesabu. Kwenye yaliyobaki tazama ubavu ulionyolewa, vuta kila fundo kwa mkono, hesabu vipande, na sikiliza injini: kila pigo la planja utasikia ikipumua kidogo kisha inarudi. Ikipumua na kuchelewa kurudi kabla ya pigo linalofuata, kwenye uwanda, na mstari mwembamba, bela hiyo ni nzito kwako au kisu chake kimekwisha. Mwombe anoe kisu, urudi siku ya pili ufunge mengine 20.

Nitumie vile vipimo vya ubao na aina ya klachi yako. Unitumie na picha ya robota, upande ulionyolewa ukitazama kamera.